Kwa nini Leander hakuchukua mashua?

Marahaba, kijana wangu. Nalirudia swali lako hapa ili na wengine walifuate. Unasema umesoma muhtasari wa kisa cha Hero na Leander, wapenzi wawili wa Kigiriki, na wewe mtoto wa wavuvi wa Lindi kuna jambo limekukera: "Abydos ilikuwa mji wa bandari. Huyu Leander alikosaje hata mtumbwi mpaka aogelee usiku? Na ile taa, ilizimika yenyewe au kuna mtu aliizima?" Mwishoni unauliza kama mtu anaweza kweli kuvuka pale kwa kuogelea, kama mambo haya yaliwahi kutokea, na uanze kusoma wapi.

Wengi wanaoniuliza habari za wapenzi hawa huanzia kwenye mapenzi. Wewe umeanzia kwenye usafiri, na huko ndiko fundo la kisa lilikofungwa. Kwa ufupi: vyombo vilikuwepo tele, ila chombo huonekana. Na taa, kwa waandishi wa kale, ilizimwa na upepo. Waliokuja karne nyingi baadaye ndio walioanza kumtafuta mtu wa kumbebesha lawama.

Kwa asiyekijua kisa: Hero ni kuhani wa Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi, na anakaa katika mnara kando ya bahari, nje ya mji wa Sestos, upande wa Ulaya. Leander ni kijana wa Abydos, ng'ambo, upande wa Asia. Wanaonana kwenye sikukuu, wanapendana, wanapatana kwamba usiku Hero atawasha taa juu ya mnara na Leander ataogelea akiifuata. Inakwenda hivyo majira yote ya joto. Baridi inaingia, bahari inachafuka, na usiku mmoja taa inazimika Leander akiwa katikati ya maji. Kunapambazuka, Hero anauona mwili chini ya mnara, naye anajitupa kutoka juu.

Mahali penyewe papo hadi leo. Wagiriki walipaita Hellespont, siku hizi ni Dardanelles, nchini Uturuki, mlangobahari unaoitoa Bahari ya Marmara kwenye Bahari ya Aegean. Una urefu wa kilometa 60 hivi, na penye wembamba kuliko kote, mjini Çanakkale, upana wake ni kama kilometa 1.2. Abydos ilikuwa kaskazini kidogo ya hapo. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, aliupima upana wa mbele ya Abydos kuwa stadia saba, yaani zaidi kidogo ya kilometa moja.

Wala hapakuwa kijijini. Mwaka 480 KK Xerxes, mfalme wa Uajemi, alipokwenda kuivamia Ugiriki, alitandaza madaraja yake hapo Abydos. Dhoruba ikayavunja ya kwanza, naye akaamuru bahari ichapwe viboko 300, kisa ambacho Wagiriki hawakuchoka kukisimulia. Madaraja ya pili yalilazwa juu ya merikebu 674 zilizofungwa ubavu kwa ubavu. Mwaka 334 KK jeshi la Alexander Mkuu, mfalme wa Makedonia, likavuka papo hapo kwenda Asia, safari hii kwa vyombo, likitoka Sestos na kushukia Abydos. Kwa hiyo ulivyohisi ni kweli. Mtu wa Abydos anayedai kukosa chombo cha kuvukia anatania.

Kuna ushahidi mzuri zaidi, wa mwanajiografia Strabo aliyeandika zama za makaisari wa mwanzo wa Roma. Anaeleza namna ya kuvuka hapo kama nahodha anayemwelekeza nahodha mwenzake. Kutoka bandari hadi bandari ni stadia 30 hivi, zaidi ya kilometa tano, kwa sababu miji haikutazamana moja kwa moja. Maji ya juu hushuka siku zote kutoka Bahari Nyeusi kwenda Aegean. Anayetoka Sestos, asema Strabo, ateremke kwanza kandokando ya pwani mpaka kwenye Mnara wa Hero, kisha akiachie chombo, mkondo utamsaidia. Anayetoka Abydos ana kazi: hana budi kupanda kando ya pwani yake stadia nane hivi, ndipo akate maji kwa mshazari, la sivyo mkondo wote utakuwa usoni kwake. Ona basi, Mnara wa Hero ulikuwa alama ya manahodha. Na ona pia kwamba Leander, kila alipokwenda kwa mpenzi wake, alikuwa anaikata njia ile ngumu. Nafuu aliipata wakati wa kurudi nyumbani.

Sasa mashua. Mtu wa kwanza kulichukua swali lako kwa uzito ni Ovid, mshairi wa Kirumi, katika jozi ya barua za kubuni, moja ya Leander kwenda kwa Hero na nyingine ya kujibu. Barua ya Leander imeandikwa bahari ikiwa imechafuka usiku wa saba mfululizo. Hawezi kuogelea. Baharia mmoja tu, mwenye moyo mgumu, ndiye anayethubutu kung'oa nanga kwenda ng'ambo, na ndiye aliyepewa barua hiyo. Basi si angepanda naye? Leander mwenyewe anajibu: angepanda, lakini baharia alipokuwa anafungua kamba za omo, Abydos nzima ilikuwa imesimama inatazama. Angejificha wapi? Wazazi wake wangejua siku hiyohiyo. Halafu anaongeza neno la kijana aliyekwama ufukweni, kwamba mkono huu unaoandika ungependa zaidi kuwa unaogelea.

Wewe umekulia ufukweni, unajua chombo hakishuki majini bila watu kujua ni cha nani, kinakwenda wapi na kimerudi saa ngapi. Mtumbwi wenyewe unataka kusukumwa na kufungwa ng'ambo, na asubuhi watu wa Sestos wangeukuta pale chini ya mnara wa kuhani, wa mtu wa Abydos. Mwogeleaji hana kitu cha kufunga. Nguo anaziacha pwani ya kwao, anafika na mwili wake, anaondoka nao kabla hakujapambazuka. Mshairi mwingine, Musaeus, amelisema hilo kwa mstari mmoja ambao mimi nauhesabu kuwa bora katika shairi lake lote: Leander ndiye mpiga makasia, ndiye abiria, na ndiye merikebu.

Huyo Musaeus ndiye aliyetuachia kisa kizima tangu mwanzo hadi kifo. Aliandika kwa Kigiriki mwishoni mwa karne ya 5 au mwanzoni mwa ya 6 BK, mistari 343 tu. Wakati wa kufufuka kwa elimu ya Kigiriki huko Ulaya wapo waliomdhania kuwa ni Musaeus wa hadithini, mwanafunzi wa Orpheus, mwimbaji wa ngano za Kigiriki, wakaamini shairi hili ni la kale kuliko Homer, mshairi mkongwe wa Wagiriki. Aldus Manutius wa Venice alilichapa miaka ya 1490, miongoni mwa vitabu vyake vya mwanzo kabisa vya Kigiriki. Kumbe mwandishi alikuwa mwalimu wa sarufi aliyeishi Wakristo wakiwa wameshatawala. Kazi yenyewe haikupungua utamu kwa kugundulika hivyo.

Kwa Musaeus, anayeeleza sababu ya kujificha ni Hero. Leander amemfuata kwenye sikukuu ya Adonis, kijana aliyependwa na Aphrodite, amemshika mkono gizani, ameuvuta upindo wa nguo yake, naye amejifanya kukasirika kama inavyotakiwa. Kijana ana hoja ya kijanja pia: kuhani wa mungu wa mapenzi anawezaje kukaa mwanamwali? Huku ni kumtumikia vipi Aphrodite? Hero analegea, lakini akili haijamruka. Anamwambia waziwazi kwamba ndoa ya hadharani haiwezekani, wazazi wake hawataki. Na akija Sestos akakaa kama mgeni mzururaji, mambo yao hayatafichika gizani. Ndimi za watu zinapenda kuchokonoa, na jambo alilolitenda mtu kimyakimya atalisikia njia panda. Sisi husema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Hero alikuwa anajua hilo hilo, akaamua kujaribu hata hivyo.

Kwa nini wazazi wakatae? Musaeus haelezi. Amewaweka binti na mtumishi mmoja tu katika mnara ule, sauti ya bahari usiku na mchana, hana wasichana wenziwe wa kucheza nao ngoma, na hayo ni matakwa ya wazazi. Ovid anadokeza sababu nyingine: Hero anaogopa kwamba yeye, msichana wa Thrace, yaani pwani ile ya Ulaya, ataonekana hafai kuolewa Abydos. Miji miwili inatazamana, inavushiana bidhaa na majeshi, halafu watu wake wanapimana ukoo. Hilo halihitaji maelezo marefu kwa mtu wa pwani yoyote.

Matokeo yake ni ndoa ambayo Musaeus anaieleza kwa kukanusha. Ilikuwa ndoa, lakini bila ngoma. Kitanda kilikuwepo, lakini bila nyimbo. Hakuna aliyewasha mienge, hakuna baba wala mama aliyewaimbia, hakuna hoihoi. Kimya kilitandika kitanda na giza likampamba bibi harusi. Papo hapo mshairi anaingiza jambo dogo la ndani ambalo mimi husoma mara mbili kila nikifika. Leander ametua, anahema, maji ya chumvi yanamchuruzika. Hero hamkimbilii kwa maneno matamu. Anamwingiza ndani, anamwosha, anampaka mafuta ya waridi mwili mzima ili kuiua harufu ya bahari. Umetosha shombo la samaki, anamwambia, na ngurumo ya mawimbi, njoo utue jasho lako hapa.

Tuje kwenye taa, maana nusu ya pili ya swali lako ni nzito kuliko ya kwanza. Musaeus hakulianza shairi kwa kuwataja wapenzi. Anamwomba mungu wa kike amsimulie habari za taa, shahidi wa mapenzi ya siri, na anatangaza tokea hapo kwamba taa na Leander vitakwisha pamoja. Usifikirie mnara wa kuongozea meli. Ni taa ya mafuta na utambi wake, kibatari tu, na Hero husimama nayo juu akiikinga upepo kwa upindo wa nguo yake mpaka Leander afike. Fikiria mkono wa mtu unachoka baada ya muda gani.

Majira ya joto hilo liliwezekana. Baridi ilipoingia Musaeus anasema jambo ambalo ukoo wako utalielewa upesi: mabaharia walikuwa wameshavuta merikebu zao nchi kavu, wakiikimbia bahari isiyoaminika. Kama kwenu kusi ikikaza na vyombo vikapandishwa mchangani, hakuna anayeuliza sababu. Pwani zote mbili zimeacha kazi, na katikati ya hali hiyo taa moja inawaka juu ya mnara. Hapo mshairi anakatiza simulizi na kusema wazi kwamba Hero alipaswa, msimu huo ulipoanza, kukaa mbali na Leander na kutoiwasha tena ile nyota fupi ya kitanda chao. Lakini hamu na majaaliwa vilimlazimisha. Aliinua mwenge wa Majaaliwa, haukuwa tena mwenge wa Mapenzi.

Soma hapo polepole, maana watu wengi huipita. Wanaosimulia kisa hiki mdomoni husema kosa ni la taa iliyozimika. Musaeus anasema maafa yalianza ilipowashwa. Taa ile ilikuwa ndiyo mwito. Ikiwaka, Leander hana namna ya kubaki ng'ambo bila kuonekana amepoa. Isipowaka, Hero atakuwa ndiye aliyepoa. Watu walioruhusiwa kuonana wangetumiana salamu kwamba bahari mbaya, tuonane ikitulia. Hawa wana alama moja tu, na haijui kusema "nakupenda lakini usije leo".

Kwa hiyo mimi, ukiniuliza nani aliua, siutaji upepo wala Hero. Naitaja siri. Ndiyo iliyomnyima mashua, ndiyo iliyomnyima mwenzi wa safari, ndiyo iliyoifanya taa ya mkononi kuwa tegemeo pekee la uhai wa mtu. Na sijitungii. Hero wa Ovid amelisema mwenyewe, kwamba laiti haya inayotulazimisha kupendana kwa kujificha ingeondoka, au penzi linaloogopa maneno ya watu. Mistari michache kabla ya hapo ana pendekezo la kuchekesha na la kuumiza kwa pamoja: basi tukutane katikati ya bahari, tubusiane juu ya maji, kila mtu arudi kwao.

Barua ya Hero ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, nami siogopi kusema inaishinda ya Leander. Anamwambia ninyi wanaume mna kuwinda, mna mieleka, mna soko na farasi na mvinyo wa jioni. Mimi hata nisipokatazwa kitu, kazi yangu ni kupenda na kungoja. Anakaa na yaya wake wakisokota nyuzi, anauliza kama wazazi wa Leander wameshalala, anabusu nguo alizoziacha kijana. Wivu unamwingia: pengine si bahari inayomzuia, pengine ni mwanamke. Kisha anaona aibu. Anamwambia njoo. Anamwambia usije mpaka maji yatulie. Mara tena anamkumbusha kwamba zamani hakuwa mwoga hivyo.

Halafu taa inapiga chafya. Ndivyo Ovid anavyosema: utambi umetatarika na mwali umeruka wakati Hero anaandika, naye anaipokea kama dalili njema. Yaya mzee anadondosha matone ya mvinyo motoni, anasema kesho tutakuwa wengi zaidi hapa, na yeye mwenyewe anakunywa. Jambo dogo hivyo, la nyumbani, la bibi anayependa kinywaji chake. Lakini alfajiri, taa ikikaribia kufa, uzi aliokuwa akiusokota umemponyoka Hero vidoleni, akasinzia na kuota pomboo anayeogelea kwenye dhoruba, wimbi likamtupa mchangani, maji na roho vikamtoka pamoja. Ovid anaishia karibu na hapo. Hakuna anayekufa katika barua hizi. Leander kwake aliandika kwamba akifa anaomba maiti yake itupwe upande wa Hero, alilie na kuugusa mwili wake. Mshairi hana haja ya kuongeza neno, kwa sababu wasomaji wake walikuwa wanajua ombi hilo lilijibiwaje.

Waliofuata hawakuridhika na upepo. Akili ya binadamu ikikutana na msiba hutaka jina. Huko Ujerumani umeenea wimbo wa kale wa watoto wawili wa mfalme waliotenganishwa na maji yenye kina. Msichana anawasha mishumaa, na mtawa mmoja mwenye roho mbaya anaizima, kijana anakufa maji. Franz Grillparzer, mwandishi wa tamthilia wa Austria, alikwenda mbali zaidi katika tamthilia yake iliyochezwa Vienna mwaka 1831. Kwake taa inazimwa na kuhani mkuu, ambaye ni mjomba wa Hero, mtu anayeamini kabisa kwamba anatunza sheria ya hekalu. Hapo jibu la swali lako linageuka: taa ilizimwa na mtu, na mtu huyo si jambazi. Napenda ujasiri wa Grillparzer, ingawa naona kitu kimepotea. Upepo wa Musaeus haukuwa na sababu yoyote, na ukatili wake uko hapo.

Christopher Marlowe, Mwingereza, alifanya kinyume. Aliuawa Deptford tarehe 30 Mei 1593 akiwa na miaka 29, na shairi lake la Hero na Leander likachapwa mwaka 1598. Ni mistari 818 ya ucheshi na tamaa. Neptune, mungu wa bahari, anamwona Leander majini, anamfananisha na Ganymede, mvulana mzuri aliyependwa na Zeus, mkuu wa miungu, anamvuta hadi chini kabisa kwenye lulu na dhahabu za merikebu zilizozama, kisha anashtuka kumwona anakufa na kumrudisha juu. Shairi linakatika asubuhi ya usiku wao wa kwanza. Leander wa Marlowe hakufa maji hata kidogo. Wasomi wanabishana kama mshairi aliwahiwa na mauti au aliamua mwenyewe kuishia hapo. Mwaka uleule George Chapman alilikamilisha, akawazamisha wapenzi kama ilivyotakiwa, na akawalaumu kwa kuruka taratibu za harusi. Mwishoni akawageuza ndege. Ni mzito kidogo huyo Chapman, usianze naye.

Kisa kilipokuwa maarufu kiasi hicho, mzaha haukukawia. Shakespeare ananukuu mstari wa Marlowe kuhusu kupenda kwa mtazamo wa kwanza katika tamthilia yake ya As You Like It, na katika tamthilia hiyohiyo Rosalind anadai kwamba Leander alikwenda tu kuoga Hellespont usiku wa joto, akashikwa na mkakamao wa misuli, akazama, na wanahistoria wajinga wakasingizia Hero. Ben Jonson mwaka 1614 alikifanya mchezo wa vikaragosi ndani ya tamthilia yake, Hellespont ikawa mto Thames na Leander mtoto wa mtia rangi vitambaa.

Ulitaka kujua pia kama mtu anaweza kuvuka. Anaweza. Mshairi Lord Byron, aliyezaliwa na mguu mbovu, alijaribu mwaka 1810 akashindwa mara ya kwanza, kisha tarehe 3 Mei akavuka pamoja na Luteni Ekenhead wa manowari Salsette. Yeye alitumia saa moja na dakika kumi, mwenzake dakika tano pungufu. Byron aliandika kwamba upana hauzidi sana maili moja, ila mkondo uliwaburuta mpaka wakawa wamesafiri zaidi ya maili nne, na maji yalikuwa baridi ya theluji inayoyeyuka milimani. Alijivunia jambo hilo maisha yake yote, na akalitungia shairi la utani: Leander alizama, yeye akaambulia homa.

Lakini kumbuka maneno ya Strabo. Byron alitoka Ulaya kwenda Asia, njia ya nafuu, yaani alirudia safari ya Leander ya kurudi nyumbani tu. Msafiri mmoja, William Turner, alijaribu kutoka upande wa Asia akashindwa, na akaandika kwamba Byron hajathibitisha lolote. Byron alijibu kwa hasira. Hapa namuunga mkono Turner. Hata mashindano ya kuogelea yanayofanyika siku hizi kila tarehe 30 Agosti, njia ya meli ikifungwa kwa ajili yake, huanzia Eceabat upande wa Ulaya na kuishia Çanakkale. Tarehe hiyo ni majira ya joto, mchana, boti za uokoaji zikiwa pembeni. Leander alikwenda kinyume, usiku, peke yake, na akarudi kabla ya mapambazuko. Wavuvi wenu waamue wenyewe. Siku hizi hata hakuna haja ya kulowa: mwaka 2022 lilifunguliwa daraja kutoka Gelibolu hadi Lapseki, juu kidogo ya hapo, lenye urefu wa mita 2,023 kati ya nguzo zake kuu.

Na je, ilitokea? Hakuna kumbukumbu ya kihistoria ya Leander yeyote. Kilichopo ni dalili kwamba watu wa pale waliamini kisa ni chao. Virgil, mshairi wa Kirumi, katika shairi lake la kilimo, anamtaja kijana anayeogelea gizani kwenye dhoruba kwa ajili ya mapenzi, na hata jina halitaji. Huwezi kufanya hivyo kama wasomaji hawakijui kisa tayari. Antipater wa Thessalonica, mshairi wa Kigiriki wa karibu na wakati huohuo, anauonyesha kwa kidole mnara uliobomoka na kaburi moja la wote wawili, ambalo bado linaulaumu upepo mwenye husuda. Abydos ilipiga sarafu zenye Leander akiogelea kuelekea mnarani enzi za makaisari wa Kirumi. Mji haupigi sarafu ya mtu wake aliyekufa kwa aibu isipokuwa aibu imeshageuka kuwa fahari. Ukifika Istanbul usidanganywe na mnara ulio majini mbele ya Üsküdar. Wazungu waliuita Mnara wa Leander, lakini huo uko Bosporus, mlangobahari mwingine kabisa, upande wa pili wa Bahari ya Marmara.

Kuhusu kusoma: anza na barua mbili za Ovid, ya 18 na ya 19 katika mkusanyiko wake uitwao Heroides, kwa mpangilio huo, na usizitenganishe kwa siku. Kisha Musaeus, ambaye utammaliza kwa kikao kimoja. Marlowe awe wa tatu. Utakapofika pale Neptune anapomng'ang'ania Leander chini ya bahari, tafadhali niandikie tena, maana kuna jambo la mkufu wa mkononi aliovishwa kijana pale ambalo ningependa kusikia mtu wa Lindi analionaje.